Ana kwa Ana, Uso kwa Uso: Mtu wa Tatu katika Istilahi za Makutano ya Wawili

Mwanafunzi anayefungua kamusi kutafuta maana ya 'ana kwa ana' aghalabu hupelekwa kwenye 'uso kwa uso', na akifika huko hurudishwa alikotoka. Mzunguko huu si kosa la watungaji wa kamusi peke yao. Wahakiki nao wameuridhia: katika uchambuzi wa riwaya na tamthilia misemo hii miwili hutumiwa kwa zamu, kana kwamba kinachotafutwa ni kuepuka kurudia neno tu. Makala haya yanashikilia kwamba misemo hiyo si visawe, na kwamba tofauti yake hubainika zaidi katika Kiswahili cha Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa, mahali ambapo swali la nani alikutana na nani, na nani mwingine alikuwapo pasipo kuonekana, limewahi kuwa swali la uhai na mauti.

Kuna wanaopenda kusikia ndani ya 'ana' kile kiwakilishi cha Kiarabu chenye maana ya 'mimi', ili msemo mzima uwe 'mimi kwa mimi'. Ni tafsiri tamu, lakini utamu si ushahidi, na msemaji wa Nakuru anapoutamka msemo huu hana Kiarabu akilini. La kuchunguzwa ni matumizi. Mtu husema anataka kuzungumza na mwenzake ana kwa ana pale ambapo hadi wakati huo mazungumzo yao yamepitia kwa mwingine: mshenga, karani, barua, simu au jirani asiyeweza kufunga mdomo. Hakuna amwambiaye mkewe mezani ampe chumvi ana kwa ana. Hali kadhalika, mtangazaji wa kandanda husema mshambuliaji amebaki ana kwa ana na kipa pale tu mabeki wote wanapokuwa wamekwisha kupitwa. Kabla ya hapo wawili hao walikuwa wakionana vizuri kabisa, lakini hawakuwa ana kwa ana. Kwa hiyo msemo huu umebeba ukanushi ndani yake. Kabla ya kueleza nani wamekutana, hueleza nani ameondolewa katikati.

'Uso kwa uso' hauna haja ya kumwondoa yeyote. Unachotaka ni miili miwili na mwelekeo. Watu wawili huweza kukutana uso kwa uso kwenye kona ya soko bila kukusudia, tena katikati ya umati, na umati huo usiharibu maana. Pamoja na mwelekeo huo, uso katika Kiswahili una mzigo wake wa kimaadili. Uso umeumbwa na haya, husema wahenga. Na asiye na haya husemwa ana macho makavu. Mwanafalsafa Emmanuel Levinas, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1961, aliujenga msingi wa maadili juu ya uso wa mwingine: uso wa yule aliye mbele ndio unaomkataza mtu kuua. Wahakiki wa Afrika Mashariki wanaoinukuu hoja hiyo hawana budi kuangalia kwamba methali ya Kiswahili imeuweka mzigo upande wa pili. Haya haiko katika uso unaotazamwa. Iko katika uso wa mtazamaji, ambaye naye anatazamwa. Ndiyo maana mwenye kutaka kutenda ovu huficha uso wake mwenyewe kabla ya kitu kingine chochote.

Tofauti hiyo husaidia kusoma upya hata kazi zilizozoeleka. Katika utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama mgonjwa humwita binti yake ajongee na kuleta wino na karatasi. Kwa kipimo cha 'uso kwa uso', makutano hayo yamekamilika: mama na mwana, kitanda kimoja, pumzi zinasikika. Kwa kipimo cha 'ana kwa ana', hayajakamilika, kwa kuwa karatasi imeletwa, na palipo na karatasi pana msomaji ajaye. Maneno yanaelekezwa kwa mmoja huku yakiwangojea wengi. Mhakiki anayeyaita mazungumzo hayo 'ya ana kwa ana' bila kufafanua amemsahau yule anayesoma, yaani amejisahau mwenyewe.

Misemo mingine ya umbo hilo la nomino-kwa-nomino haihitaji maelezo marefu. 'Jino kwa jino' umetoka katika sheria ya kale ya kisasi, na unabaki huko. 'Mkono kwa mkono' hutumika katika vita na katika biashara ya fedha taslimu, na pengine si ajabu. 'Bega kwa bega', unaopendwa sana na wanasiasa, una upekee mmoja unaostahili kutajwa: watu walio bega kwa bega hawatazamani. Wote wawili wanamtazama wa tatu.

Sasa msemo 'ana kwa ana' ufuatwe barabarani. Barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret hupita Salgaa, Migaa na Sachangwan, na mteremko wake umeua watu wengi. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakapoteza maisha. Katika lugha ya habari nchini Kenya, magari yanayovaana namna hiyo husemwa 'yamegongana ana kwa ana'. Mtetezi wa usanifu atasema kwamba usemi sahihi ungekuwa 'uso kwa uso', kwani gari lina mbele yake, na mbele ndio uso. Kimantiki ana haki. Lakini kosa, ikiwa ni kosa, linafundisha zaidi kuliko usahihi. Kama 'ana kwa ana' kazi yake ni kumwondoa wa tatu, basi msemo huo unapotumiwa kwa ajali humwondoa wa tatu hata pale ambapo yupo: huondoa mteremko, huondoa usiku, huondoa saa nyingi za dereva bila usingizi na aliyempangia saa hizo. Yanabaki magari mawili tu, kana kwamba yaliahidiana.

Jambo hilo hilo hutokea katika vitenzi. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kauli ya kutendana, na hapo ndipo penye utajiri wa kweli wa istilahi za makutano: kuonana, kukutana, kukabiliana, kupambana, kupigana, kupatana, kuridhiana. Misemo ya 'kwa' huwaweka wawili mbele ya wenzao na kunyamaza. Kiambishi '-an-' husema ni nini kinachopita kati yao. Kumkuta mtu ni tendo la mmoja, kukutana ni la wawili. Kuhusu 'kabiliana' pana jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mzizi wake wa Kiarabu, wenye konsonanti q-b-l na maana ya msingi ya kuwa mbele au kuelekea, ndio uliotupa 'kibla', 'kabla', 'mkabala' na 'kubali'. Ndio pia uliotupa 'kabila'. Mwelekeo wa sala, kukiri neno la mwingine, kusimama mbele ya mwingine, na kundi ambalo mtu huhesabiwa kuwa wake: yote yametoka chungu kimoja. Asili ya neno haitawali maana yake ya leo, na hoja hii haipaswi kuvutwa mpaka ikakatika. Hata hivyo ni vigumu kwa msomaji wa Molo au Njoro kuyaona 'kabila', 'kubali' na 'makabiliano' yakiwa ndugu wa damu, asisite kidogo.

Wala kauli ya kutendana si ya kuaminiwa wakati wote. Neno lililotumika kwa maafa yaliyoikumba Molo, Olenguruone na maeneo mengine ya Bonde la Ufa tangu mwishoni mwa 1991, na kurejea Njoro na Laikipia mapema mwaka 1998, ni 'mapigano ya kikabila'. Kisarufi, 'kupigana' hugawa tendo sawasawa: huyu alimpiga yule, yule akampiga huyu. Aliyechomewa nyumba usiku na watu asiowaona hakupigana na mtu, alishambuliwa. Kiambishi kimoja chembamba kimemfanya mtendwa kuwa mtenda mwenza wa maafa yake. Zaidi ya hayo kimemficha wa tatu. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, katika ripoti yake ya mwaka 1992, ilionyesha mkono wa wanasiasa na maofisa katika uchochezi, na Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 na ambayo ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 2002, ilirejea katika swali hilo hilo. Wahenga walizungumzia fahali wawili wapiganao na nyasi zinazoumia. Katika Bonde la Ufa ilitukia kwamba nyasi ndizo zilizosemwa zinapigana, na fahali wakawa watazamaji.

Historia ya neno 'shauri' katika eneo hilo ni ya mkondo huo huo, ingawa ni ya zamani zaidi. 'Shauri' kwa asili ni kuketi na mwingine na kutafuta rai yake. Katika mashamba ya walowezi ya Njoro, Naivasha na Nakuru palistawi kile kilichoitwa Kisetla, Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho wake wa kisarufi na kulemewa na amri. Bwana na kibarua walionana kila asubuhi, uso kwa uso. Baada ya mwaka 1920 kibarua akiwa na kipande shingoni mwake, yaani na mtu wa tatu wa chuma aliyeeleza yeye ni nani kabla hajafungua kinywa. Lugha ya amri haina kazi kubwa na kauli ya kutendana. Ndani ya mazingira kama hayo, 'shauri' huacha kuwa kikao cha wawili na kuwa neno la kumwachia mtu mzigo wake: 'shauri yako'. Hadi leo, mtu anayeambiwa 'shauri yako' anajua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Dhidi ya misiba hiyo ya maneno, lipo moja ambalo walimu wa Bonde la Ufa hulikata kwa wino mwekundu, nalo linastahili kutetewa. Kijana wa Nakuru akitaka kukutana na mwenzake kituoni husema, 'Tupatane steji saa nne.' Kwa Mswahili wa Mombasa au Unguja, kupatana ni kuafikiana, ama juu ya bei, ama baada ya ugomvi. Wasiogombana hawana cha kupatana. Kwa hiyo usemi wa bara huhesabiwa kuwa kosa, na kwa kipimo cha usanifu hesabu hiyo ni halali. Lakini mhakiki wa fasihi si mwalimu wa imla. Neno la bara limechukua tendo la kufika mahali pamoja na tendo la kuafikiana, likayafanya moja. Haliwezi kuwa limefanya hivyo kwa falsafa. Limefanya kwa sababu 'kupata' ni kufikia, na wenye kufikiana wamepatana. Hata hivyo athari yake ipo. Mwandishi wa bara anayemfanya mhusika aseme 'tupatane' ana mkononi utata ambao mwandishi wa pwani hana: mhusika anaahidi kufika, na msomaji anasikia ahadi kubwa zaidi. Inashangaza kwamba waandishi wa Kenya wameutumia utata huo kwa nadra, kana kwamba nao wanaogopa ule wino. Redio imekuwa jasiri zaidi. Sehemu ya 'Patanisho' katika Radio Jambo huwaunganisha kwa simu wapenzi waliotengana, nchi nzima ikisikiliza. Hapo pana kupatana pasipo uso wala ana kwa ana. Pana mpatanishi, na pana wa tatu kwa mamilioni wanaocheka wakiwa matatuni.

Fasihi andishi imelishughulikia suala hili kwa njia nyingine. Said Ahmed Mohamed, katika tamthilia ya *Amezidi* ya mwaka 1995, aliwaita wahusika wake Ame na Zidi: wawili ambao majina yao yakiunganishwa huwa kitenzi kimoja. Mmoja amebeba kiambishi, mwingine mzizi, na hakuna aliye neno kamili bila mwenzake. Ni makutano ya wawili yaliyowekwa katika mofolojia, kabla pazia halijafunguliwa.

Kwa Bonde la Ufa, hata hivyo, mwandishi wa kurejewa ni Ken Walibora. *Siku Njema*, riwaya yake ya mwaka 1996, ni safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale, kaskazini mwa Bonde, kumtafuta babake. Wahakiki wengi wameisoma kama riwaya ya ustahimilivu, na ni hivyo. Lakini kitenzi kinachoiendesha ni 'kutafuta', ambacho kwa maana yake ya kawaida hakina mwenza: mtu huweza kumtafuta asiyemtafuta. Kila hatua ya safari humweka mtu au habari kati ya mwana na baba, na hamu ya msomaji ni hamu ya kuona vizuizi hivyo vikiondolewa kimoja kimoja. Huo ndio muundo wa 'ana kwa ana' kama ulivyoelezwa hapo juu, yaani kuondoa. Suala la kama kuondoa kunatosha, au kama baada ya kuondoa pangali pakihitajika kitenzi cha wawili, ni suala ambalo riwaya inaliweka mbele ya msomaji kwa nguvu zaidi kuliko tuzo lolote anayolipata msafiri njiani.

*Kufa Kuzikana*, iliyotoka mwaka 2003, imeenda mbali zaidi, na inafaa kudai kwamba ndiyo kazi yake inayohusu moja kwa moja maafa ya Bonde, ingawa nchi yake ni ya kubuni. Marafiki wawili, Akida na Tim, wametoka katika jamii mbili zinazozozana, Wakanju na Wakorosho. Majina hayo hayajatazamwa vya kutosha. Mkanju na mkorosho ni mti mmoja kwa majina mawili. Walibora amechukua visawe, akavigeuza kuwa makabila, kisha akaonyesha watu wakiuana kwa ajili ya tofauti ambayo kamusi haiitambui. Hapa mhakiki anayedai kuwa visawe kamili havipo, kama makala haya yanavyodai kuhusu 'ana kwa ana' na 'uso kwa uso', hujikuta amebanwa: kupambanua maneno ni kazi yake, lakini riwaya inamwonyesha upambanuzi unaweza kutumiwa na nani.

Na jina la riwaya lenyewe? 'Kufa kuzikana' ni sifa ya urafiki usiovunjika. Lakini kauli ya kutendana hapo imepewa kazi isiyoweza kutendeka. Wawili wanaweza kuonana, kupigana, hata kuuana kwa wakati mmoja. Kuzikana hawawezi. Atakayetangulia atazikwa, atakayebaki atazika, na huyo aliyebaki atahitaji mtu mwingine wa kumzika. Katika msemo wa kawaida jambo hilo halisikiki, kwa kuwa msemo umechakaa kwa matumizi. Riwaya inaufanya usikike tena, kwa kuuweka mahali ambapo maziko ni ya kweli na wa tatu, kabila, amekwisha kuketi kati ya marafiki. Kwamba Bonde la Baraki la riwaya linamkumbusha msomaji wa Kenya bonde analolijua si jambo la kujadiliwa sana. Miaka minne baada ya kuchapishwa kwake, Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilikuwa zikiwaka, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa makao ya waliofukuzwa makwao.

Kuna neno lililosikika katika Bonde tangu miaka ya 1990 ambalo ni kinyume kamili cha 'uso kwa uso'. Ni 'madoadoa', lililotumiwa kwa wakazi walioonekana kuwa wageni katika ardhi, na ambalo Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiorodhesha mwaka 2022 miongoni mwa maneno ya chuki. Doa halina uso. Doa halikabiliwi, linafutwa. Tena halisemwi kwa anayeitwa hivyo, bali husemwa juu yake, akiwa hayupo, kwa wale walio bega kwa bega. Mtu hawezi kumwambia jirani yake uso kwa uso kwamba yeye ni doa bila kwanza kumwona kuwa si doa. Ndiyo sababu neno hilo ni la mikutano ya hadhara na si la mlangoni pa mtu.

Kuhusu kumaliza uhasama, istilahi rasmi imekuwa 'maridhiano', neno zuri, lenye '-an-' yake mahali pake, lililobebwa hata na tume iliyokabidhi ripoti yake tarehe 21 Mei 2013. Lakini neno lililoshika midomoni mwa watu ni jingine. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wao mbele ya Harambee House, Kofi Annan na Jakaya Kikwete wakiwapo. Wa tatu walikuwa hadharani, nao walijulikana kwa majina. Tarehe 9 Machi 2018, mahali hapo hapo, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walishikana mikono bila mpatanishi kuonekana, na tendo hilo likaitwa 'handisheki', huko Nakuru kama kwingineko. Kiswahili kilikuwa nalo jina la tendo hilo tangu zamani: kupeana mikono. Neno la mkopo limependwa pengine kwa sababu ni fupi, na pengine kwa sababu linataja mkono na mtikiso tu. Ndani ya 'kupeana' mna 'kupa', na anayelitumia ataulizwa nani alimpa nani nini.